Ndama wa Chumba cha Nyuma

Yule nyoka alikuwa na karatasi nyingi kuliko mimi. Alikuwa na faili lake la plastiki, mihuri imegongwa mpaka pembeni, kibali cha kuingia nchini, cheti cha daktari wa mifugo. Mimi nina cheti cha ubatizo na matokeo ya kidato cha pili ambayo hata mume wangu sijawahi kumwonyesha. Kwa hiyo siku mpangaji wetu aliponikabidhi lile boksi, nilijisikia kama mgambo aliyekabidhiwa balozi.

Mpangaji alikuwa dada wa Kizungu, alikuja Rungwe kuchunguza magonjwa ya parachichi, akapanga vyumba vyetu viwili vya mbele hapa Makandana, Tukuyu. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka, mpaka nikiongea naye najikuta nasema "tafadhali" bila kutumwa. Mama yake akaugua ghafla huko kwao, ikabidi aondoke upesi, na nyoka hapandi ndege hivi hivi hata awe na mihuri.

"Dada, ni mtoto tu," aliniambia, ameshika boksi kama ameshika keki. "Hana sumu. Hata akikuuma ni kama kuchomwa na brashi ya nguo."

"Na mimi nikimuuma?"

Hakucheka. Alikuwa analia. Ndiyo maana nilikubali. Mtu akilia mbele yangu naweza kupokea hata mamba.

Ndani ya boksi kulikuwa na maranda ya mbao, kibakuli cha maji, gogo la kujifichia, na chini yake kitambaa cha umeme cha kumpa joto, maana kwa baridi ya Tukuyu hata sisi wenye damu ya moto tunashinda na makoti. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu, rangi ya majivu, mabaka meusi mgongoni. Kwao anaitwa nyoka wa mahindi, kwa sababu tumbo lake lina vipande vyeusi na vyeupe kama punje za yale mahindi ya rangi rangi. Chakula chake, vitoto vya panya vilivyogandishwa, nilikiweka kwenye friji ndani ya kopo la siagi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu mkate ulikuwa mkavu.

Mume wangu alimtazama akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine tayari unakimbia.

"Mzee asijue," akasema. Akapanda lori lake la ndizi, akaenda Dar.

Mzee ni baba mkwe wangu, mtu wa Masukulu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto, yaani unkamwana, na baba mkwe wake hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye migomba, unajifunika kanga, unasubiri apite. Humwiti, humsemeshi. Siku hizi wengi wamelegeza. Kwetu Kiwira mama yangu alikuwa anampakulia babu, yaani baba mkwe wake, ugali huku wanabishana habari za siasa. Lakini mzee wangu mimi hajalegeza hata uzi. Tangu niolewe nilikuwa namjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wa koti lake.

Halafu wazee wa rika lake wana imani nyingine: mchawi ana chatu tumboni, na nguvu za kuroga zinatoka huko. Sasa jiweke kwenye koti la mzee. Una mkwe wa kutoka Kiwira ambaye hujawahi kumwona uso, unamsikia tu anavyokimbilia migombani. Siku moja unakuta kafuga nyoka ndani ya nyumba ya mwanao. Utasubiri akuonyeshe mihuri? Nilijua wanawake waliorudishwa kwao kwa neno dogo kuliko hilo. Na mimi kurudi kwetu sikutaka. Nampenda mume wangu, ingawa muda mwingi nampenda akiwa Dar.

Basi mzee akaugua miguu. Ikawa inavimba, daktari akataka awe anaangaliwa mara kwa mara hapa hospitalini, Masukulu mbali, na mama mkwe alishatangulia mbele za haki. Mume wangu akamleta, akamweka kwenye vyumba vya mpangaji, akasema ni muda mfupi tu, akapanda lori. Huyo mwanaume kila likitokea jambo ana ndizi za kupeleka.

Tukaishi kwa ishara. Mzee akitaka kupita anakohoa. Mimi nikiwa koridoni nagonga kijiko kwenye sufuria, naondoka, ndipo anapita. Chakula naweka mezani, nafunga mlango, nagonga. Kwa maneno marefu zaidi tulimtumia paka, na mzee ndiye aliyeanza.

"Wewe paka," nilimsikia siku moja, "mwambie mtu wa jikoni mbalaga ya leo haina chumvi. Au chumvi imepanda bei?"

Mbalaga ni ndizi zetu za kupika na maharage, na mimi nazipika vizuri, msimsikilize. Nikajibu kutoka jikoni, "Paka, mwambie mzee chumvi ipo. Aliyeikataza ni daktari."

"Mwambie daktari hali humu."

Paka mwenyewe hakuwa na habari na sisi. Alikuwa amelala mlangoni kwa chumba cha nyuma, nilimomficha nyoka, pua kwenye upenyo wa chini, ananusa. Mume wangu akiwa Dar, yeye peke yake ndiye aliyeijua siri yangu, na kwa bahati ujumbe wake wote tuliusema wenyewe.

Shida ikawa baridi. Mzee akahamisha kiti chake koridoni, karibu na mlango wa uani, jiko la mkaa miguuni. Mlango wa chumba cha nyuma uko hapo hapo. Kwa hiyo nikiingia kumbadilishia nyoka maji, mzee akaja akakaa, nimekwisha. Ningeweza kugonga mlango ainuke, lakini kumwinua mtu mwenye miguu ile ni dhambi, na tena angejiuliza huyu mwanamke anafanya nini humo kila siku. Mara nyingi alikuwa analala hapo hapo kitini. Sasa utampitaje baba mkwe aliyelala, mguu wake mmoja umezuia korido?

Nikawa nashinda humo. Mimi na nyoka tunatazamana. Yeye ana boksi lake, mimi nina langu kubwa kidogo, tofauti yetu ni kwamba la kwake lina joto. Mlango una mzee, dirisha lina nondo, na nje ya nondo ni migomba, imesongamana mpaka mwanga unaoingia ni wa kijani kama tuko ndani ya chupa ya soda. Nilikuwa naingia na ndoo. Ndoo ya nini, msiniulize.

Siku moja nikiwa humo, simu ya mpangaji. Alikuwa amepata mtu Arusha anayefuga nyoka kwa kuwaonyesha watalii, na gari lake lingepita Mbeya wiki ile. Nilitaka kuruka. Lakini yule bwana alikuwa anachagua. Nyoka hawa wana aina nyingi za rangi, na watoto wa aina tatu wanazaliwa wakifanana, wote majivu. Wakikua ndipo wanatofautiana. Asiye na njano popote ni wa mkaa. Mwenye njano shingoni tu ni wa kijivu. Yule ambaye njano inashuka mpaka mbavuni, na mabaka yake yanageuka kahawia, ni wa sukari iliyoungua. Bwana wa Arusha wa mkaa anao, wa kijivu anao. Anataka wa sukari iliyoungua, basi.

"Na akiwa siyo?" nikauliza.

"Itabidi ukae naye mpaka nirudi, dada. Labda mwakani."

Mwakani! Mimi niliyeacha shule kabla mwalimu wa baiolojia hajafika kwa wanyama wa kutambaa, sasa maisha yangu yote yanategemea mbavu za nyoka. Nikafungua boksi, nikamnyanyua kwa vidole viwili. Mvua ilikuwa inapiga bati na mtandao unakatika, ikabidi nipaze sauti. Neno nyoka nililimeza, maana mzee alikuwa nje ya mlango.

"Mgongo? Mgongo wa kijivu! Una mabaka meusi! Tumbo jeusi na jeupe, kama drafti! Ndiyo! Shingoni naona njano kidogo. Mbavuni sioni vizuri, humu giza! Macho mazuri, ya mviringo! Anakula, ndiyo! Tangu uondoke amekua sana!"

Simu ikakatika. Koridoni nikasikia, taratibu kabisa:

"Paka. Muulize mtu wa humo ndani. Ni jike au dume?"

Moyo ukashuka mpaka kwenye ndoo. Nikamrudisha nyoka, nikalifunika boksi kwa kanga. Kwenye faili nilikuwa nimesoma jinsia yake.

"Paka, mwambie mzee ni jike."

"Jike!" Nikasikia kiti kinalia. "Ndaga fijo! Asante sana! Mwambie nimeelewa. Mwanangu anataka kunishtukiza na ndama, na mimi sitaharibu. Nitajifanya sijui kitu."

Ndama. Nilikaa chini. Mzee alikulia kwenye nyumba za zamani ambazo ng'ombe walilala ndani na watu, huku moto, huku ng'ombe. Kwake ndama kuwa chumba cha nyuma haikuwa ajabu hata kidogo, na ukimtajia mgongo, tumbo, shingo na macho mazuri, anamwona mnyama mmoja tu duniani. Ningeweza kusema siyo ndama. Lakini swali linalofuata lingekuwa: ni nini?

"Paka, mbona halii?"

"Mwambie ni mpole."

Kesho yake nikakuta rundo la majani mlangoni kwa chumba cha nyuma. Majani mabichi ya mgomba na nyasi, yamefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Mzee, na miguu ile, alikuwa ameyakata nyuma ya nyumba. Nikayaingiza ndani, ningefanyaje? Jioni akaona yameondoka.

"Anakula huyo! Paka, mwambie anakula!"

Akaongeza. Kila siku rundo, na kila siku kubwa zaidi. Chumba kikajaa majani mpaka nikawa nakaa juu yake. Nikaanza kuyatoa dirishani kupitia nondo, jani moja moja, kama mfungwa anayechimba ukuta, ila mimi nachimba kwa majani. Mzee akiwa kwenye kiti chake nilimsikia anapiga simu Masukulu, sauti juu: "Wa kijivu. Shingo njano. Jike! Waambie wote. Mchungaji mwambie pia." Hospitalini kwenye benchi la kusubiri nako aliwaambia, maana muuguzi mmoja alinisalimia njiani, "Mama ndama, hujambo?"

Huku bwana wa Arusha ananisumbua. Nilimpigia nyoka picha chini ya balbu, akaikataa. Alimwambia mpangaji kwamba chini ya balbu hata mbuzi ni wa njano. Anataka picha ya mchana, kwenye jua. Jua lenyewe Tukuyu, mwezi ule! Na mahali pekee lilipokuwa likiingia ndani ya nyumba ni koridoni, mlango wa uani ukiwa wazi, pale pale penye kiti cha mzee.

Siku ya mwisho kabla ya gari kupita, asubuhi mawingu yakaachana. Nikasikia mzee anakohoa, anachukua fimbo yake na panga, anatoka kwenda kukata majani. Nikasema ni sasa. Nikafungua mlango, nikaweka boksi koridoni kwenye jua, kando ya rundo la jana ambalo sijaliingiza. Nikatoa kifuniko, nikashika simu, nikainama.

Kikohozi. Hapo hapo mlango wa uani.

Mtu mwenye akili angefunga boksi. Lakini mimi nimeshaolewa miaka, mwili wangu una akili zake. Kikohozi kikisikika, miguu inakimbia yenyewe. Niliruka ndani ya chumba, nikafunga mlango, nikajifunika kanga kichwani. Nikasimama gizani na heshima yangu yote, simu mkononi. Ndipo nikakumbuka nani nimemwacha nje bila kifuniko.

Nikasikia paka anafoka. Rundo la majani likaanguka, pwaa. Halafu sauti ya mzee:

"Injoka!"

Na fimbo ikapiga sakafu. Ikapiga tena.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilimwona yule dada wa watu analia na boksi lake. Nikapiga kelele, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila paka, maneno yangu ya kwanza kwa baba mkwe tangu niolewe:

"Baba, usimpige! Huyo ndiye ndama!"

Fimbo haikushuka tena. Hata mkaa kwenye jiko uliacha kulia.

Halafu nikasikia miguu inaburuzwa. "Toka," mzee akasema. "Nimegeuka."

Nikatoka kinyumenyume, kanga mpaka puani. Mzee alikuwa amesimama, uso umeelekea ukutani karibu kuugusa, fimbo bado iko juu. Nyoka anatembea karibu na miguu yake, na bado mtu analinda mila! Nyoka mwenyewe alikuwa amejinyoosha juu ya jani la mgomba, jua limempiga lote, mzima, hajaguswa. Na nikaona. Njano ilikuwa imeshuka kutoka shingoni, ikapita mbavuni, mpaka karibu na mkia. Mabaka niliyoyaona meusi gizani yalikuwa kahawia, kama sukari ukiisahau kwenye sufuria.

"Sukari iliyoungua!" nikasema kwa sauti.

"Nini?" ukuta ukauliza.

"Hapana, baba." Nikapiga picha kwanza, Mungu anisamehe, ndipo nikamnyanyua na kumfungia.

"Umemkamata?"

"Nimemkamata, baba." Paka alikuwa ameshakimbia. Tulibaki bila mkalimani.

"Wa nani?"

"Wa mpangaji. Aliniachia. Hana sumu. Ana karatasi."

"Karatasi," mzee akasema. Akautazama ukuta kama kuna kitu kimeandikwa. Halafu akauliza, polepole, na hilo ndilo lililoniuma kuliko angenitukana:

"Na majani yangu alikuwa anakula nani?"

"Nilikuwa nayatupa dirishani, baba."

Akaenda chumbani kwake bila kukohoa.

Picha niliituma. Bwana wa Arusha akajibu upesi kwamba ndiye, nimtayarishe kwa safari. Mwingine angecheza. Mimi nilianza kukunja nguo zangu. Chakula cha mchana niliweka mezani nikagonga, hakuna aliyesema chochote kuhusu chumvi.

Jioni mume wangu akarudi, na kabla hajavua viatu mzee akamwita sebuleni. Nikasimama jikoni, sikio ukutani, mwiko mkononi.

"Ndama yuko wapi?" mzee akauliza.

"Ndama gani, baba?"

"Wa kijivu. Jike. Shingo njano."

Mume wangu ni dereva, amezoea kona, lakini ile hakuiona inakuja. "Baba, mimi sijui habari ya..."

"Masukulu yote wanajua. Mchungaji ameshamwombea. Hospitali wananiita baba ndama. Unataka nirudi nikawaambie nini? Kwamba nilikuwa nakata majani, na miguu hii, nampelekea nyoka?" Fimbo ikagonga sakafu. "Mimi humu ndani sijaona nyoka. Nimeona ndama. Wewe mlete."

Nikakaa chini jikoni na mwiko wangu. Kumbe yule mzee alikuwa amefungiwa kama mimi. Akisema mkwe ana nyoka, lazima aseme na majani. Nikacheka mpaka nikaziba mdomo kwa kanga, halafu nikalia kidogo, halafu nikaenda kurudisha nguo kabatini.

Nyoka aliondoka kesho yake kwa gari la Arusha, na faili lake. Mume wangu, kwa mara ya kwanza, aliacha ndizi, akazunguka minada yote kutafuta ndama wa kijivu, mabaka meusi, tumbo la drafti, shingo njano. Rungwe nzima hakuna ng'ombe wa namna hiyo, na wauza ng'ombe walianza kumwangalia vibaya. Akaleta wa kijivu, shingo ya kijivu. Wageni wa Masukulu walipokuja kumtazama, mzee aliwaeleza bila kutikisika kwamba njano huwa inafifia ndama akikua.

Ndama anakaa chumba cha nyuma mpaka banda liishe, na banda tunalijenga kwa mwendo wa Tukuyu, mvua ikiruhusu. Yeye analia vizuri sana, usiku na mchana. Mzee haondoki tena. Atamwachia nani ndama? Miguu imepungua, daktari anasema ni kutembea kule kwa kukata majani. Mimi nikiingia kutoa mavi, mzee anakuja anakaa na jiko lake, na mimi nafungiwa humo kama zamani. Ndoo bado ninayo. Habari za siku ile hatujazirudia, na maneno yote yamerudi kwa paka.

Juzi mpangaji alinitumia picha kutoka Arusha. Nyoka amekuwa mkubwa, amejizungusha juu ya tawi, njano mpaka mkiani. Nikafikiri kidogo. Nikaweka simu mezani sebuleni, picha juu, nikafunga mlango, nikagonga sufuria. Nikasikia mzee anakuja, anavuta kiti, anakaa.

"Paka," akasema mwishowe, "mwambie mtu wa jikoni, yule mwingine amenenepa. Muulize huko wanampa majani gani."